Lango la Afande
Sehemu ya Saba: Makabidhiano

Haya, nimewasikia. Wiki nzima sina raha. Hata kinyozi wangu, wembe ukiwa shavuni mwangu, alisita akaniuliza: ni nani aliyemfungia Nukta? Nilimwahidi kumjibu hapa hapa gazetini, maana kusema na wembe shavuni ni hatari.

Tulimwacha sebuleni, saa mbili na nusu asubuhi, sanduku mkononi, mkoba begani. Mbele yake lango la nondo la barazani, njia pekee ya kutokea nyumba ile, kwa kuwa mlango wa nyuma ulizibwa kwa matofali zamani. Alinyoosha mkono alisukume, akasikia kufuli likibana, lile la kujifunga bila ufunguo.

Hakuwa jambazi. Wala hakuwa kaka yake, kama wengi wenu mlivyobashiri kwa kujiamini kabisa. Aliyefunga ni baba yake mzazi, mzee wa miaka themanini na moja, pajama mwilini, kofia ya kazi kichwani, daftari kwapani.

"Hesabu haijatimia," alisema Afande. "Hakuna anayetoka."

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki jana, nitamkumbusha kwa kifupi. Afande alikuwa askari magereza miaka thelathini na mmoja, akastaafu na cheo cha sajini meja. Sasa akili inamtoka kidogo kidogo. Kuna siku anamwandalia marehemu mkewe chai. Binti yake wa mwisho, aliyempa mwenyewe jina la Nukta kwa kuwa hapo ndipo uzazi ulipokomea, anamwita Koplo. Mwaka mmoja na miezi miwili hajamwita kwa jina lake.

Na huyo Koplo ndiye anayemwogesha, anayemkata kucha, anayemtafuta barabarani akipotea. Miaka sita. Ana miaka thelathini na minane, kazi yake ni kusaga lenzi za miwani, na siku hiyo kabla ya saa sita mchana alitakiwa afike karakana akasaini kazi mpya: kuwa mkuu wa karakana katika mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mwenye karakana, Mama Fremu, alikwisha kumngoja mara mbili. Mara ya tatu alimwambia wazi kwamba gari la mashine linaondoka saa sita, na kama yeye hayumo ataondoka mwingine.

Kaka Mkubwa, mpima ardhi, na Dada, mwalimu mkuu, waliahidi kufika saa tatu kumchukua baba yao. Miezi mitatu kwa huyu, miezi mitatu kwa yule. Ndiyo maana sanduku lilikuwa limefungwa.

Nukta alianza kwa upole. Akaomba ufunguo. Afande akamtazama kama anavyotazamwa mfungwa anayeomba sigara.

Akapekua. Mifuko ya pajama, chini ya mto, ndani ya birika, kwenye unga. Hakuna. Na ufunguo wa pili msiniulize, kwa sababu hapo ndipo familia hii ilipojichimbia shimo. Zamani funguo zilikuwa tatu. Mwaka ule mama yao alipofariki, Kaka Mkubwa alirudisha wake ndani ya bahasha ya kaki, akidai unamtoboa mfuko. Dada naye akaurudisha wake wiki iliyofuata. Nukta akaziweka kabatini, Afande akaziona, akachukua tupa akakaa barazani akizisugua meno mpaka zikawa laini kama misumari. Gereza, alisema, halina ufunguo wa ziada.

Saa tatu ikagonga. Chai ya Afande ilikuwa imepoa mezani bila kuguswa, maana tangu alfajiri alikuwa akihesabu viti. Ile dawa yake ya presha humezwa na chai. Nukta alikuwa amekitia mkobani kikasha cha dawa, kile chenye vyumba saba, chumba kimoja kila siku, ili amkabidhi Dada mkononi na kumweleza vizuri: hii asubuhi, hii asiikose hata siku moja, daktari alikwisha kuonya. Mwaka jana aliikosa, akaanguka jikoni.

Gari likasimama nje. Wakashuka wawili, wamependeza, wananukia manukato. Kaka Mkubwa alikuwa na faili. Walipolikuta lango limefungwa, walidhani ni utani.

Basi kikao cha familia kikafanyika kupitia nondo. Wao wamesimama kwenye ngazi, Nukta ndani ameshika vyuma, na Afande katikati akitembea huku na huku. Mpita njia angeapa kwamba leo ni siku ya kutembelea wafungwa. Afande mwenyewe aliona hivyo hivyo, kwani aliwatangazia wageni kuwa wana dakika kumi na hakuna kupeana kitu.

Nukta akawaeleza kwa haraka: ufunguo hauonekani, saa sita inakuja, mmoja wenu amwite fundi wa kuchomelea aje akate kufuli.

Kaka Mkubwa alisema fundi yupo, namba yake anayo, ni dakika chache tu. Ila kwanza kuna jambo dogo. Akafungua faili.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mpango wa miezi mitatu mitatu, alisema, wameuangalia tena. Nyumba yake ina ngazi, mzee ataanguka. Dada ana mitihani, na shule haiwezi kuachwa. Kwa hiyo wameandika karatasi. Nukta awe mlezi pekee, abaki hapa hapa, pensheni ya mzee ipite mikononi mwake, na siku Mungu akipenda, nyumba iwe yake bila ya mtu kuinua sauti.

"Tumekaa tukaona Baba amekuzoea wewe," alimalizia.

"Mmekaa lini?"

"Jumapili."

"Mimi Jumapili nilikuwa wapi?"

Kaka Mkubwa akaangalia saa yake. Dada akaangalia viatu vyake, akajibu yeye, kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa na Baba."

Nukta aliviachia vile vyuma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na hawa wawili walikuwa wameupima wake kwa macho wakauona mwepesi, wakaamua abebe hadi mwisho. Tena wanampa kama zawadi. Aliinua macho akazitazama nondo za madirisha, zile alizozifunga Afande kwa mkono wake, dirisha hadi dirisha, mpaka la choo. Nyumba itakuwa yake. Na nondo zote zitakuwa zake.

Nitasema jambo ambalo Nukta hajapata kumwambia mtu. Kuna asubuhi huamka akanyamaza kitandani, akisikiliza kama mzee bado anapumua chumba cha pili, na hajui anaomba asikie nini. Halafu huona haya, huamka, humpikia uji. Anampenda baba yake. Ila mapenzi hayajawahi kumfungulia mtu kufuli.

"Sisaini," alisema.

Kaka Mkubwa hakukasirika, na hilo ndilo baya. Aliipenyeza karatasi na kalamu kati ya nondo, akaviweka juu ya stuli ya barazani, akasema asifanye haraka, afikirie. Akishaweka saini, fundi ataitwa.

Mmeelewa, sivyo? Hakuna saini, hakuna fundi. Dada alifungua mdomo apinge, kaka yake akamtupia jicho, akaufunga. Mwalimu mkuu mzima, anayetetemesha wanafunzi mia tisa.

Nukta akampigia Mama Fremu. Huko nyuma zilisikika kelele za watu wakipakia mashine. Mama Fremu alimwambia saa nne na robo imepita, na yeye hana tabia ya kusema mara nne. Akakata.

Angeweza kupiga kelele majirani waje. Lakini majirani wa mtaa ule walikwisha kuzoea kelele za nyumba ile. Kila Afande alipohesabu usiku wafungwa wasiokuwepo, wao waliongeza sauti ya redio.

Akageuka amtazame baba yake. Afande alikuwa ameiokota ile karatasi ya Kaka Mkubwa, ameikunja mara nne sawasawa, ameitia ndani ya daftari kama alama ya ukurasa. Kisha akasimama kando ya lango, miguu sambamba, kidevu juu. Anangoja.

Anangoja nini?

Hapo ndipo ilipomjia. Utoto wao waliupitishia kwenye kota za magereza. Kila mchana saa nane, Nukta akiwa bado mdogo, alitumwa na mama yake ampelekee Afande chakula langoni, akalazimika kungoja pembeni zamu zikikabidhiana. Na makabidhiano hayakuwa mchezo. Askari anayetoka hatoki hata nyumba yake ikiungua, mpaka anayeingia ahesabu vichwa, ataje idadi kwa sauti, atie saini daftarini. Ndipo ufunguo unapotoka mkono kwenda mkono. Afande hakumfungulia mtu lango kwa machozi, wala kwa matusi, wala kwa rushwa. Alifungua kwa utaratibu.

Asubuhi nzima Nukta alikuwa akiomba kama binti. Hakuomba hata mara moja kama Koplo.

Akalitua sanduku chini, akakaza mgongo.

"Afande, naomba kukabidhi zamu."

Mzee aligeuka. Macho yake, yaliyokuwa na ukungu tangu alfajiri, yakatulia. Akauliza zamu inakabidhiwa kwa nani.

"Afisa anayeingia yuko langoni."

Kaka Mkubwa akacheka puani. Lakini Dada akamvuta shati akamnong'oneza kwamba mzee akifungua watapata kuingia, watakaa kwenye viti, mambo yataisha kistaarabu. Kaka Mkubwa akaona faida. Akiwa ndani, karatasi mezani na mdogo wake kitini, nani atachomoka? Akavua miwani ya jua, akapiga mguu chini kwa dhihaka.

"Taja idadi," Afande aliamuru.

"Mfungwa mmoja, Afande."

"Jina."

Kaka Mkubwa alitabasamu, akamnyooshea kidole mdogo wake.

"Nukta."

Afande alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu la kijinga na mwanafunzi aliyemtegemea.

"Huyo ni askari. Amelinda miaka sita bila likizo. Mfungwa ni mimi. Hesabu tena."

Msomaji, nimeandika hadithi nyingi za risasi na mapenzi, lakini sijui niandikeje nyuso zile. Dada aliziba mdomo kwa kiganja. Kaka Mkubwa tabasamu lilimkaukia usoni, akataja idadi upya, safari hii bila dhihaka. Mmoja. Akataja jina la baba yake kamili, la kwenye kitambulisho.

Afande akavua kofia. Ndani yake, katika ule mkunjo wa ngozi unaokaa kipajini, ulikuwa ufunguo. Nukta alipekua hadi unga, lakini kofia hakuigusa, kwa sababu katika nyumba ile tangu wakiwa watoto hakuna aliyeruhusiwa kugusa kofia.

Lango likafunguka. Kaka Mkubwa akaingia akatia saini daftarini, harakaharaka, huku jicho lake likiitafuta karatasi yake. Dada akafuata. Nukta alikuwa bado kizingitini, mkono ukielekea mkobani.

"Dada, kuna dawa ya—"

Hakumaliza. Kiganja cha Afande kilikuwa mgongoni mwake, kipana, kizito kuliko alivyodhani kingeweza kuwa tena, kikimsukuma nje yeye na mkoba wake. Sanduku likafuata kwa teke. Kufuli likabana.

"Zamu imekwisha," Afande alisema nyuma ya nondo. "Anayetoka hageuki."

Kaka Mkubwa alianza kufoka. Nukta hakugeuka.

Wapo watakaomlaumu. Nawajua, wataniandikia barua. Lakini nyinyi mlio na wazazi walio na afya, wanaojipeleka wenyewe chooni, kaeni kimya kidogo. Nukta alikimbia. Alijiambia kwamba atapiga simu njiani kuhusu dawa, kisha pikipiki ya kukodi ikasimama, na upepo ulipompiga usoni alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, na simu haikupigwa.

Alifika karakana saa tano na dakika hamsini. Mashine zilikuwa zimefungwa kamba garini. Dereva alikuwa anakagua matairi. Mama Fremu, miwani mbili shingoni na moja kichwani, alimtazama viatu mpaka nywele, akasema afadhali, akamsukumia fomu na kalamu. Kitambulisho tu, anakili namba, basi.

Nukta akaingiza mkono mkobani. Vidole vyake vikagusa chuma.

Akakitoa. Ulikuwa ufunguo.

Ule ule. Wa pekee. Kile kiganja cha mgongoni hakikuwa kinasukuma tu. Ufunguo unakwenda kwa anayeaminiwa, na Afande aliukabidhi, ila si kwa yule aliyetia saini.

Simu ikalia. Ni Dada. Aliongea kwa pupa: ufunguo hawauoni, wamempekua Baba hata soksi, yeye anacheka tu, na Kaka ana mkutano saa saba. Kwa mbali ilisikika sauti ya mpima ardhi akizisukasuka nondo na kuzitukana.

Nukta alicheka. Tangu hadithi hii ianze hamjamsikia akicheka, na mimi pia sikuwahi.

"Kaka ana namba ya fundi," alisema. "Amwite. Si ni dakika chache tu?"

Dada, kwa sauti iliyopungua ualimu, alisema Baba anataka simu. Pakawa na mkwaruzo wa kupokezana, pumzi nzito, halafu:

"Nukta."

Si Koplo. Mwaka mmoja na miezi miwili.

"Baba."

"Weka saini kwanza," mzee alisema. "Hawa ninao."

Machozi yalimtoka mbele ya Mama Fremu na mbele ya dereva, wala hakuyafuta. Aliinamia fomu. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Hapo masikio yake, ambayo yamemsikiliza mzee yule miaka sita, usiku na mchana, yakamwambia jambo ambalo moyo ulikuwa umekataa kulisikia. Maneno ya baba yalikuja yakiburuta. Kila moja lilitoka kama limepitishwa katika kitambaa kilicholowa. Aliwahi kumsikia hivyo mara moja tu, mwaka jana, kabla ya kuanguka jikoni.

Akaingiza mkono mkobani mara ya pili, polepole, akijua anachokwenda kukikuta. Kikasha cha dawa. Vyumba saba. Cha leo kilikuwa bado kimefunikwa, na kidonge kililia ndani yake alipokitikisa.

Nje dereva akawasha gari. Mama Fremu akagonga fomu kwa ukucha, akamuuliza kama anamalizia au amwite yule mwingine, kwa maana yule mwingine amekaa pale kwenye benchi, tayari ana begi.

Mkono wa kulia wa Nukta ulikuwa na kalamu. Wa kushoto ulikuwa na kikasha cha dawa na ufunguo pekee wa mlango pekee wa nyumba ile, na simu imebanwa begani. Humo ndani ya simu alimsikia dada yake akiongea na baba yao, kwa sauti ya mtu anayeona kwa mara ya kwanza kile ambacho mwenzake amekuwa akikichungulia kila asubuhi.

"Baba," Dada alikuwa akisema, "mbona mdomo wako umekwenda upande?"